Pikipiki ya Mkwe na Kilima cha Ngenge

Mimi si msemaji. Darasani nikiinuliwa kujibu swali, jibu ninalo lakini sauti haitoki, na wenzangu wamezoea kuinamia madawati yao wacheke. Ndiyo maana naandika. Hili la mama na pikipiki nimelianza mara nyingi na kulichana, kwa sababu kila nilipofika pale kilimani niliona haya, kana kwamba ni mimi niliyefanya. Sasa ni likizo, niko nyumbani Ngenge, mvua imetufungia ndani, na nimeamua kulimaliza.

Pikipiki ilikuwa ya shemeji yangu, mume wa dada. Yeye ni mwalimu huko Kahororo, pembeni ya mji wa Bukoba, na ndiye mtu wa kwanza katika koo zetu mbili kuwa na kitu chenye injini. Aliinunua mwaka ule kahawa ilipopata bei na kila mwenye kibanja, shamba lake la kahawa na migomba, akaezeka bati. Ilikuwa nyeusi, nyembamba, na nyuma ya kiti chake palikuwa na kibebeo cha chuma alichokifungia gunia lililojazwa nyasi. Hicho ndicho kilikuwa kiti cha abiria. Watu walipomuuliza ni ya ukubwa gani alijibu, "Mia na ishirini na tano," kama mtu aliyetaja jambo lisilohitaji maelezo. Hakuna aliyethubutu kuuliza mia na ishirini na tano za nini. Mimi nilidhani ni watu, kwamba ina nguvu za watu mia na ishirini na tano.

Alipokuja nayo mara ya kwanza majirani walijaa uani. Mama mmoja wa jirani, mwenye ulimi wake, alisimama penye uzio akasema, "Leo mkwe wenu kaja na mashine ya kusaga. Nilete mtama?"

"Lete, mae," shemeji akamjibu, akimwita mama kwa Kihaya. "Panda na wewe juu ya gunia, nitausaga huku tunakwenda Muleba."

Tata, ndivyo tunavyomwita baba, aliizunguka ile pikipiki mara mbili, mikono nyuma, kama anavyozunguka ng'ombe wa kununua. "Inakunywa sana?"

"Hainywi, tata. Inanusa tu."

Tata akacheka mpaka akashika kiuno. Yeye ni mzee wa kanisa, hacheki ovyo, na nikajua kuwa kuanzia siku ile shemeji ameshaingia ndani kabisa.

Mama hakuiona. Aliisikia tu. Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawatazamani usoni, hawapeani kitu mkono kwa mkono, wala hawakai kwenye mkeka mmoja. Si chuki. Ni heshima, na mama alikuwa hodari wa heshima hiyo kuliko wanawake wote ninaowajua. Mkwe akiingia kwa mlango wa mbele, yeye ameshatoka kwa mlango wa nyuma. Shemeji akiketi sebuleni, mama yuko jikoni, na kila kitu kinapita kwangu: maji ya kunawa, kahawa ya kutafuna katika kikapu chake kidogo, salamu.

"Mwambie mama namsalimu sana."

"Mwambie nimeitika. Mwambie anisalimie mwanangu."

Ukuta ni wa miti na udongo, kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri, lakini ni lazima nitembee toka huku mpaka kule nikarudie maneno yaliyokwisha kusikika. Mimi nisiyeweza kujibu swali la hesabu darasani, nyumbani nilikuwa mdomo wa watu wawili.

Basi dada akapata mimba, ya kwanza. Siku zake zilipokaribia, mama alikuwa amekwisha kufunga mizigo yake ili apande lori litakalofuata kwenda mjini. Asubuhi moja tukasikia pikipiki ikija. Sisi wa shule ya misheni tulikuwa likizo, lakini ya kwake ilikuwa bado wazi, mwalimu alipaswa kuwa darasani, na tata aliweka kikombe chake chini kabla hatujaona chochote.

Shemeji aliingia uani amejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Hakusalimu. Hilo lilinitisha kuliko vumbi, maana sijawahi kuona mtu anamkuta baba mkwe wake akapita bila "waitu" moja ya heshima.

"Tata, mtoto amekaa vibaya tumboni," akasema. "Yuko hospitali tangu jana. Daktari anasema lazima apasuliwe, na iwe leo, kabla jua halijazama. Na amekataa."

"Daktari amekataa?"

"Mke wangu. Anasema hakatwi na mtu mpaka mama yake awe amemshika mkono. Nimemsihi mimi, mchungaji amemsihi. Ameshika chuma cha kitanda, haachii. Daktari anasema mtu anayejitupatupa hivyo hawezi kumpa dawa ya usingizi."

Jikoni kitu kikaanguka. Chungu, au mama mwenyewe, sikujua.

Lori lilikuwa limepita juzi, na lingine lilikuwa bado sana. Wanaume wa kijiji wanajua kubeba mtu kwa machela, lakini kwa machela hadi Bukoba jua lingezama, lichomoze, lizame tena. Tata alitazama barabara, akatazama jua, mwisho akatazama pikipiki.

"Inabeba watu wangapi?"

"Wawili, tata," shemeji akajibu haraka. Halafu akaelewa alichosema, akainamisha kichwa. Wa kwanza ni yeye mwenyewe anayeendesha. Wa pili angekuwa mama, kifua chake kwenye mgongo wa mkwe wake, toka Ngenge mpaka Bukoba, mchana kweupe, watu wakiona.

Tata alikwenda mpaka kwenye mgomba wa kwanza, akasimama, akarudi. "Mtoto akae katikati," akasema.

Nilitazama huku na huku kumtafuta mtoto. Alikuwa mimi.

"Watatu, tata," shemeji akasema polepole. "Tambarare labda. Kilima sijui."

"Huyu ana uzito gani? Huyu ni upepo."

Ni kweli mimi ni mwembamba, shuleni wananiita Kalamu. Lakini hakuna aliyetaja mwili wa mama. Mama yangu ni mwanamke aliyelima maisha yake yote, mabega yake yanajaza mlango, na akiketi, kiti husikika.

Alitoka kwa mlango wa nyuma amejitanda kanga mpaka puani, kikapu cha ndizi mkononi, kwa sababu hata siku kama ile hawezi kwenda kwa mzazi mikono mitupu. Aliijia pikipiki kwa nyuma, akinyata, kama mtu anayetaka kumkamata kuku. Shemeji alikuwa amekaa tayari anatazama mbingu. Mimi nikapanda katikati, nusu juu ya nyasi na nusu juu ya chuma. Pua yangu ilikuwa kwenye koti la shemeji lenye harufu ya chaki na petroli. Mgongo wangu ulizama kwa mama. Tata alitukagua kwa upande, akaona pametengana vizuri, akaridhika. "Mungu awatangulie," akasema.

Tambarare ilikwenda. Nakiri kwamba hata wakati ule, pamoja na hofu ya dada, nilifurahi kidogo. Migomba ilikuwa inakimbia. Mama alinisemea sikioni, "Mwambie apunguze," nikapaza sauti, "Mama anasema upunguze," na shemeji akajibu kwa upepo, "Mwambie mae nikipunguza itazima." Nikageuza shingo nikarudisha jibu. Mama akanibana mbavu kwa magoti, akaanza kusali kwa Kihaya.

Kutoka kwetu kwenda Muleba lazima uache bonde upande juu. Barabara imechongwa ubavuni mwa kilima, upande mmoja ukuta wa mawe, upande wa pili nyasi zinateremka mpaka usipoona. Lori likipanda pale utingo hushuka na gogo mkononi, alitie nyuma ya gurudumu likishindwa. Sisi hatukuwa na gogo.

Mwanzoni shemeji alikuja na kasi, tukala kipande kizuri. Halafu injini ikaanza kulalamika. Akapunguza gia, ikatulia, tukaenda kidogo, ikalalamika tena. Akapunguza tena. Ilikuwa na gia tatu tu, na chini ya ile ya kwanza hapakuwa na nyingine ya kukimbilia. Ndipo nilipoona jambo linalonishangaza hata leo: sauti ilikuwa inapanda na mwendo ulikuwa unashuka. Maisha yangu yote nilidhani kelele ndiyo nguvu. Kumbe injini ilikuwa inalia. Ilipiga kelele zote ilizokuwa nazo, moshi wa bluu ukatufunika, na mwanamke mmoja aliyebeba mzigo wa kuni kichwani akatupita.

"Mwaendelea?" akatuamkia kwa adabu, akatangulia.

Kisha gurudumu la mbele likawa jepesi. Uzito wetu wote ulikuwa nyuma, na lile gurudumu likawa linainuka kidogo na kugusa chini, kama ndama anayenusa. Shemeji alilala juu ya usukani kulirudisha. Ghafla kelele zikaisha. Nilisikia ndege. Halafu nikahisi tunarudi nyuma.

Mama aliruka. Sijui mtu wa mwili ule anarukaje, lakini aliruka na kikapu chake, na mimi nikaanguka juu ya mkono wangu, na shemeji akailaza pikipiki kwenye ukuta wa mawe kabla haijamvuta kwenda bondeni. Tulibaki pale tunapumua. Aliigusa injini kwa kidole akakitoa upesi, akakinyonya.

"Ni ndogo," akasema. Alikuwa akilisemea koti lake. "Ni ndogo sana."

Ilibidi kuiacha ipoe. Ilipopoa kidogo aliipiga teke, ikawaka, akaipanda peke yake mpaka kwenye kona ya juu, akarudi. Alikwenda kama mbuzi. Akanipakia mimi. Polepole, gia ya kwanza, ikilalamika njia nzima, lakini tukafika kwenye kona. Pale, mama akiwa hawezi kutusikia, alizima injini akanigeukia.

"Muramu," akasema, ndivyo anavyoniita kwa Kihaya, shemeji. "Mtu mmoja inaweza. Hata mae, nadhani inaweza. Lakini wote wawili haiwezi. Wewe ndiye unayezidi."

Nilishtuka kuliko nilipoanguka. Mimi, upepo, Kalamu, niliyewekwa pale kuwa ukuta wa heshima, ndiye niliyekuwa namzuia mama asifike kwa dada. Nikashuka kilima kwa miguu, yeye akiteremka na pikipiki nyuma yangu.

Mama alikuwa ameshaanza kupanda kwa miguu. Mguu wake mmoja uliwahi kukatwa na jembe na haukupona sawasawa. Tulimkuta ameegemea mawe, anajifanya anatazama mandhari.

"Mwambie atangulie," akaniambia. "Aende amwambie mwanangu nakuja."

Nikamgeukia shemeji. "Mama anasema utangulie, ukamwambie dada anakuja."

"Mwambie mae, dada yako atauliza mama yuko wapi. Nimjibu yuko kilimani? Ataachia kile chuma?"

Nikamgeukia mama. "Anasema dada atauliza..."

"Nimesikia."

"Mwambie mae jua lile," shemeji akasema, akinyoosha kidole juu.

"Mama, anasema jua..."

"Nyamaza wewe." Mama hakulisema kwa hasira. Tulikuwa tumesimama watatu mahali ambapo mkeka mmoja ungetutosha, mimi nikigeuza shingo huku na kule, na ghafla hapakuwa na kazi ya kupeleka. Alitazama chini kulikokuwa kwetu, akatazama kona ya juu. Akajitanda kanga upya, akaikaza.

"Mwambie ageuke atazame bondeni."

Sikumwambia. Alikuwa ameshageuka.

Alikikagua kikapu cha ndizi, akakitikisa kuona kama ni kigumu. Shemeji akakaa kwenye kiti chake, shingo ikiwa imenyooka kama anapigwa picha. Mama akaketi nyuma upande upande, miguu pamoja, akakiweka kikapu baina ya tumbo lake na mgongo wa mkwe. Akashika kikapu kwa mikono miwili.

"Utufuate," akaniambia. "Panda lori lolote. Hata la ng'ombe."

Shemeji aliachia klachi kwa uangalifu wote aliokuwa nao. Lakini pale kilima ni kikali na injini ilikuwa ndogo, haikujua kuondoka taratibu. Ilibidi ipigiwe kelele kwanza ndipo iruke. Ikaruka. Kikapu kikachomoka pembeni, kikapiga barabara, ndizi zikaanza kuteremka kwangu. Mama akaelemea nyuma, kanga ikamtoka kichwani, na mikono yake ikatafuta kitu hewani. Ikapata koti. Kisha koti halikutosha, akamkumbatia kiunoni mikono yote miwili na kumlazia shavu lake mgongoni.

Mama yangu. Mke wa mzee wa kanisa. Mwanamke ambaye siku moja alikaa mvuani nyuma ya nyumba mpaka mkwe alipomaliza kula.

Na pikipiki ikapanda. Nitaandika ukweli: kwa kitambo kifupi sana nilitaka ishindwe. Si kwamba nilimsahau dada. Nilitaka tu mikono ile iachie. Lakini ilipanda, ikilia vilevile, polepole, ikafika kwenye kona, ikapita, na moshi ukabaki umening'inia barabarani.

Nikaokota ndizi moja moja. Nikapanda kilima na kikapu kichwani, na nilipofika juu nikamkuta yule mwanamke wa kuni ameketi anapumzika.

"Binti," akaniuliza, "yule aliyekuwa nyuma ya mwalimu ni mke wake? Mbona mkubwa?"

Sauti haikutoka, kama darasani. Nikapita.

Nilitembea mpaka nilipopata lori la kahawa lililokuwa likienda mjini, dereva alimjua tata, akaniweka juu ya magunia. Njia nzima nilijiuliza maswali mawili, na nilijionea aibu kwamba yalikuwa mawili. La kwanza: wamefika kabla ya jua? La pili: amemshika njia nzima, au pale kilimani tu?

Jua lilikuwa limeanza kuwa jekundu juu ya vilima nilipoingia uwanja wa hospitali. Niliwaona toka mbali. Baraza lilikuwa refu, lenye nguzo nyeupe. Mama alikuwa ameketi sakafuni mwisho wa huku, kanga puani, uso kwenye ukuta. Shemeji alikuwa mwisho wa kule, amekalia pikipiki yake, amempa mama mgongo. Baina yao palitosha kuketi darasa zima. Kwa mtu asiyejua, ni watu wasiojuana kabisa.

Mama alinitazama, akatazama kikapu. "Kiweke chini," akasema. Akashika mkono wangu. "Aliachia. Nilipoingia tu, akaachia chuma akanishika mimi. Nimemshika mpaka akalala. Halafu wakanitoa."

"Zamani?"

"Sijui zamani ni nini leo." Halafu, bila kugeuka: "Nenda kamuulize kama amekula."

Nikalipita baraza lote. "Mama anauliza kama umekula."

Shemeji alinitazama na macho mekundu, ya vumbi au ya kitu kingine. "Mwambie mae sijala. Mwambie..." Akafuta vumbi kwenye tangi la pikipiki. "Mwambie asante."

Nikarudi na asante ile nikaitua. Mama akachukua ndizi mbivu katika kikapu, zilizopondeka kwa kuanguka, akanipa. Nikavuka tena. Nilikuwa katikati ya njia, ndizi mkononi, mlango ulipofunguka na muuguzi akatoka.

"Nani mume? Nani mama?"

Wote wawili wakasimama, kila mmoja mwisho wake. Muuguzi alitazama huku akatazama kule, akashindwa ampe nani habari, akaona wa karibu ni mimi.

"Wote wazima," akaniambia mimi. "Mtoto wa kike. Dada yako atalala mpaka kesho, lakini yu mzima. Mngekawia kidogo tu, sijui ningekuwa nawaambia nini."

Nikasimama na habari ile. Nilipaswa kuipeleka pande mbili na sikujua nianze upi, nikaketi palepale sakafuni nikalia, ndizi mkononi. Ilibidi waje wenyewe. Mama akanishika bega hili na shemeji akasimama upande wa bega lile, anatazama dari.

Shule ilipofunguliwa nilirudi na swali langu. Somo la sayansi hufundishwa na mama mmoja Mzungu wa misheni, mpole, na siku moja baada ya kipindi, wenzangu wakiwa wametoka, nilijikaza nikamuuliza pikipiki ya mia na ishirini na tano ni mia na ishirini na tano za nini. Hakunicheka. Alichukua ile bilauri ndefu yenye alama, akamimina maji mpaka kwenye alama hiyo, akaniwekea mezani. Akanieleza kwamba ndani ya injini kuna silinda, na ndani ya silinda pana nafasi, na hiyo ndiyo nafasi yote ambamo petroli na hewa huwaka na kusukuma. Ikiwa nafasi ni kubwa, msukumo ni mkubwa. Ikiwa ndogo, injini hujaribu kufidia kwa kuzunguka haraka, na kilimani, na mzigo, haraka haisaidii.

Nilitazama yale maji. Yasingetosha kunawa mikono ya mtu mmoja. Kikombe cha chai kingeyapokea bila kujaa. Hayo ndiyo yaliyombeba mama yangu kupanda kilima kile. Nikaomba ruhusa niyashike, nikayashika, na mwalimu akadhani ninapenda sayansi.

Nyumbani tata alikuwa hajaniuliza kitu. Aliningoja mpaka likizo, akaniita kwenye kibanja alikokuwa akikata majani makavu ya migomba.

"Ulikaa katikati?"

"Nilikaa, tata. Mpaka kilimani."

"Na kilimani?"

"Injini ilikataa."

Aliendelea kukata. Nilijua kwamba mama hakumwambia, na kwamba mtu fulani, labda mwenye kuni, alikuwa amemwambia.

"Ni ya ukubwa gani, ile?"

Nikamwambia. Nikamwambia pia habari ya bilauri, nikamwonyesha kwa viganja yale maji yalivyokuwa. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo mbele yake. Tata aliacha kukata, akavitazama viganja vyangu kama vina maji kweli.

"Hayo tu?"

"Hayo tu, tata."

"Basi kosa ni la injini," akasema. Akalisema kizee, kama anafunga kikao cha kanisa. "Mpelekee shemeji yako salamu. Mwambie mtu mwenye wakwe Ngenge hawezi kuwa na chombo cha namna hiyo. Heshima ina uzito wake. Atafute kinachoibeba."

Niliipeleka salamu hiyo neno kwa neno. Shemeji hakucheka. Msimu wa kahawa uliofuata aliuza ile ndogo na akaja na nyingine, ya mia mbili na hamsini, yenye kiti kirefu cha ngozi na sauti nzito isiyo na haraka. Alikuja kumchukua mama akamwone mjukuu wake anabatizwa. Jirani mwenye ulimi alisimama penye uzio akaisikiliza. "Hii haisagi," akasema. "Hii inakoboa."

Tulipanda kama mara ya kwanza. Shemeji akatazama mbingu, mama akaja kwa nyuma na kanga puani, mimi katikati, safari hii juu ya ngozi, na tata akatukagua kwa upande. Kilimani nilikaza meno. Shemeji alipunguza gia mara moja tu. Injini ikabadili sauti kidogo, ikashuka chini kama mtu anayejisafisha koo, na ikaendelea kupanda, sisi watatu na kikapu, gurudumu la mbele limeshika barabara. Bilauri mbili za maji. Nilikuwa nikiziwaza.

Tulipokaribia ule ukuta wa mawe, pale ndizi zilipomwagika, mama alisogeza mdomo sikioni kwangu. Nikajiandaa kupokea neno la kupeleka. Lakini hakulisemea sikio langu. Alilisema kwa sauti, juu ya kichwa changu.

"Ni hapa."

Nilihisi mgongo wa shemeji unakakamaa chini ya koti.

"Ndiyo, mae," akajibu, bila kugeuka. "Ni hapa."

Sikujua nitazame wapi. Nikajikunja, nikashusha kichwa kadiri nilivyoweza ili nisiwazibe, na tukapita kona.